Bata mweusi wa Maine anafuata maji, wewe unafuata saa

Swali: "Habari yako kaka. Mimi ni mtu wa Uvira, sasa niko Portland hapa Maine, Marekani, mwaka wa tatu. Kazini kuna mzee mmoja mzungu ndiye alinifundisha kuwinda bata, tunaenda kila Jumamosi kwenye kinamasi cha chumvi cha Scarborough, tunafika bado giza. Malardi, wale bata wa kawaida wa huku, nimeshapata, shida ni hawa bata weusi. Jumamosi moja wanakuja makundi kwa makundi, Jumamosi inayofuata mahali pale pale saa ile ile hakuna hata mmoja. Na wakija wanazunguka mara mbili juu yetu halafu wanapaa kama wameona shetani. Nimenunua dikoi, wale bata bandia wa kuvutia wenzao, 36, nikaongeza ile ya betri inayozungusha mabawa, na kombati mpya. Wengine wananiambia ni harufu, wengine ni rangi ya nguo. Msimu huu nimeangusha wanne nikapata mmoja, watatu walidondokea mbali kwenye majani sikuwaona tena, roho inaniuma. Bunduki naazima kwa yule mzee. Nakosea wapi? Na ni kweli bata huyu anaisha, nisimpige kabisa?"

Salama mdogo wangu, na pole kwa hao watatu, tutawafikia. Watu wakiniandikia kuhusu bata mweusi huwa wanauliza bunduki gani, risasi gani, kipenga gani cha kuitia bata, yaani maswali ya dukani. Wewe umeuliza vingine lakini jibu umelitia mwenyewe ndani ya swali, pale uliposema Jumamosi moja wapo na Jumamosi inayofuata hawapo, mahali pale pale, saa ile ile. Nilipofika hapo nikacheka, nikasema huyu ni mtu wa ziwani.

Sikutanii. Wewe umekulia Tanganyika, ziwa lile maji yake hayajai wala hayapwi, ukitega mtego asubuhi unaukuta pale pale jioni. Mimi ni wa Tanga, kwetu mtoto kabla hajajua kusoma anajua leo bamvua, maji ya kujaa na kupwa sana, leo maji mafu, ya kujaa na kupwa kidogo, maana bila hivyo hakuna kitoweo. Scarborough ni bahari. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Portland ni karibu mita 3, haipishani sana na ya kwetu Tanga au Mombasa, na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Sasa piga hesabu mwenyewe: dakika 50 mara siku 7 ni karibu saa 6, na saa 6 ndio muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa. Kwa hiyo kama Jumamosi hii umekaa pale alfajiri maji yakiwa yamejaa, Jumamosi ijayo alfajiri ile ile utakuta tope tupu, na Jumamosi ya tatu yamejaa tena. Wewe unaona ni mahali pale pale. Bata anaona ni nchi mbili tofauti, na yuko sahihi yeye.

Sasa tuone yeye siku yake inakwendaje, ukishaijua hiyo mengine yote yanajipanga. Bata mweusi wa pwani wakati wa baridi anakula vitu vya topeni, konokono wadogo, kome wachanga, vidudu vya aina ya kamba, na mbegu za majani ya chumvi. Maji yakipwa anatoka nje kwenye tope lililoachwa wazi na anashinda huko akichokoa kama kina mama wa kwetu wanavyoshuka kuchokoa pweza. Huko nje ni uwanja mtupu, hakuna jani la kujificha, humfikii. Maji yakianza kurudi yanamfunika chakula, yanamsukuma kidogo kidogo, mwisho ananyanyuka na kuingia ndani ya kinamasi, kwenye vijito vyembamba na vidimbwi katikati ya majani. Hapo ndipo njia yako na yake zinakutana. Kwa mazoea yangu saa mbili za mwisho za maji kujaa na saa ile ya kwanza ya kuanza kupwa ndio zenye bata, zilizobaki unakaa unakunywa chai. Yakija bamvua makubwa yakafunika hata majani yenyewe, bata wanatawanyika kila mahali kwenye majani yaliyozama, utawasikia wanapiga kelele huku na huku na usimwone hata mmoja wa kupiga.

Na hapa Portland kuna jambo litakusaidia ukilishika. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yaani siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa 6 mchana na saa 6 usiku, maana yake alfajiri yamekupwa kabisa. Wewe umefika saa 11 alfajiri, umepanga dikoi zako, umetetemeka mpaka saa 3, umekata tamaa umefungasha, na bata ndio kwanza wanaanza kunyanyuka nje huko. Sheria inakuruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka jua linapozama, hakuna aliyesema uwindaji wa bata ni wa alfajiri tu, hiyo ni desturi ya watu wa mabwawa. Jedwali la maji la NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, ni bure, weka kwenye simu. Jumapili kuwinda Maine hairuhusiwi, najua na wewe unabanwa na kazi, lakini badala ya kwenda Jumamosi zote nenda zile ambazo maji yanajaa kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, zile nyingine lala na mkeo, na ukiweza omba ruhusa siku moja ya katikati ya wiki ambapo kinamasi hakina watu. Siku moja ya hivyo inashinda Jumamosi nne.

Kitu kingine cha kuangalia ni barafu. Mabwawa na mito ya ndani ikiganda bata wote waliokuwa huko wanashuka pwani kwa sababu vijito vya chumvi vyenye mkondo havigandi upesi. Usiku wa kwanza wa baridi kali kweli kweli, ule ambao gari haliwaki, ndio usiku wa kupanga safari.

Haya, sasa shetani wao. Harufu isahau kabisa, bata aliye juu angani hakutambui kwa harufu, huyo sio nguruwe wala swala. Rangi ya nguo ina ukweli kidogo, ndege wana uwezo wa kuona rangi kuliko sisi, na bata anaona hata mwanga ule wa zambarau ambao jicho la binadamu halioni, lakini wewe una kombati tayari, inatosha, usinunue nyingine. Kinachokuponza ni kusogea na kung'aa. Macho ya bata yapo pembeni ya kichwa, binamu yake malardi anaona mzunguko mzima bila kugeuza shingo, na anaona chini huku akiruka. Wakizunguka mara ya kwanza, wewe unafanya nini? Najua unafanya nini, unanyanyua uso kuwatazama. Sisi weusi tunajidanganya kwamba uso wetu hauonekani, paka Vaseline asubuhi ya baridi kisha simama juani, hicho ni kioo. Vaa kitambaa cha uso au angalau kofia ya ukingo mrefu, inamisha kichwa, tazama kwa jicho la chini, na kama mko wawili ni mmoja tu ndiye anatazama na kunong'ona, mwingine anaangalia magoti yake. Maganda ya risasi yanayong'aa, kikombe cha chai, ubavu wa boti, simu, vyote vifunike.

Halafu mnakaa wapi? Ukiniambia mmekaa kwenye ncha ya majani ambako kila mwindaji wa Portland anakaa kwa sababu ni karibu na maegesho, basi bata wanaijua ncha hiyo kuliko wewe. Huyu ndege wengine wanamwita mjanja, mimi naona ni mwanafunzi mzuri tu. Mwezi wa 10 kuna vijana waliozaliwa mwaka huu hawajawahi kusikia mlio wa bunduki, hao wanakuja. Kufika mwezi wa 12 waliobaki hai ni wale walioshapigiwa kelele mahali hapo hapo, na wakisumbuliwa sana wanahamishia kula kwao usiku, mchana wanakaa katikati ya maji wanaota jua. Sehemu yenye kelele nyingi unaweza kuona mamia yamekaa mbali kama mawe meusi, na hakuna linalonyanyuka mpaka giza liingie. Kwa hiyo tembea. Nenda siku usiyowinda, maji yakiwa yanajaa, ukiwa na darubini tu, kaa mbali uangalie wanashukia kidimbwi gani. Ukirudi kuwinda kaa hapo hapo, si mita 200 pembeni. Malardi unaweza kumwita akageuza safari yake akaja, huyu mweusi haji kwa kuitwa, anakuja kwa sababu alikuwa anakuja. Dikoi kazi yake ni kumtoa wasiwasi tu dakika ya mwisho.

Ndio maana dikoi 36 ni mzigo wa bure. Mimi natumia 6, zikizidi 10, na zote rangi ya bata mweusi, maana hao hawatembei kundi kubwa ndani ya vijito, utawakuta wawili, wanne, familia. Hizo za malardi ulizonunua usitupe, chukua rangi ya kahawia iliyokoza sana isiyong'aa upake mwili, kichwa kiache chepesi kidogo, basi. Rangi isiwe na mng'aro, dikoi ikilowa na jua likaipiga inametameta na bata halisi hametameti. Ile ya betri iache nyumbani. Kwa malardi wa mwanzo wa msimu inafanya kazi, kwa bata mweusi wa mwezi wa 12 nimeshaona kwa macho yangu wanakata kona wakiwa bado mbali. Badala yake funga kamba kwenye dikoi mbili, uvute taratibu kutoka mafichoni ili maji yatikisike, vidimbwi ambavyo maji yake yametulia kama kioo vinawatisha. Kipenga piga mara chache, sauti ya jike wa bata mweusi ni ile ile ya malardi, nzito kidogo, milio mitatu minne ya chini chini halafu nyamaza. Ukiona wanakuja wenyewe usipige chochote, utawaharibu.

Upepo: bata anatua akielekea upepo unakotoka, kama ndege ya abiria. Ukiuweka mgongoni kwako watakuja kukutazama usoni moja kwa moja na ndio wanakuona. Mimi napenda uwe unapita kutoka pembeni, kushoto kwenda kulia au kinyume chake, dikoi ziwe mbele kidogo upande upepo unakotoka, ili wakija kutua wapite mbele yangu macho yao yakiwa kwenye dikoi. Hilo la kuzunguka mara mbili na kupaa litapungua nusu kwa hili peke yake.

Tuje kwa wale watatu.

Umesema walidondokea mbali. Mbali ni kiasi gani? Kwenye kinamasi kilicho tambarare hakuna mti wala nyumba ya kupimia, jicho linadanganya, bata wa mita 60 anaonekana wa 35. Na risasi za bata Marekani lazima ziwe zisizo na sumu, risasi ya madini ya risasi ilipigwa marufuku kwa bata nchi nzima tangu 1991, watu wengi tunatumia chuma. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kinapoteza kasi upesi, punje ikifika mita 50 inatoboa ngozi na kuvunja bawa lakini haifiki moyoni. Matokeo yake ndio hayo yako, bata anaanguka mzima, anaingia majini analaza shingo na kuogelea kama kipande cha gogo, akifika kwenye majani anajichomeka ndani na humwoni tena. Bata mweusi mwenye bawa lililovunjika kujificha anajua kuliko ndege yeyote ninayemfahamu.

Fanya hivi. Maji yakiwa yamekupwa, kutoka mahali utakapokaa hesabu hatua 35 ndefu, chomeka fimbo. Maji yakijaa fimbo ndiyo sheria yako, bata akiwa nje ya fimbo unamwacha hata kama yule mzee anakusukuma kwa kiwiko. Bunduki ya gezi 12, yaani upana wa mtutu, na punje za chuma namba 2 zinatosha. Kabla ya msimu chukua boksi la karatasi, piga kutoka mita 30, uone punje zinatawanyikaje kwenye duara la sentimita 75, ukikuta mapengo ya kupita bata mzima badili choki, kile kibano cha mdomo wa mtutu, au risasi. Na jifunze kupiga mbele ya ndege. Bata anayekatiza kwa kasi yake ya kawaida, katika muda wa punje kufika mita 30 yeye ameshasogea karibu mita moja na nusu, ukimlenga yeye unapiga mkia au hewa. Hili huwezi kulisoma kwenye maandishi yangu ukalijua. Nenda kwenye uwanja wa kupiga visahani vya udongo, lipia mwalimu masaa mawili, ni pesa kidogo kuliko zile dikoi, ataliona kosa lako kwa risasi tano. Bunduki ya kuwindia bata isichukue risasi zaidi ya 3, hiyo nayo ni sheria ya shirikisho.

Akianguka, acha wengine wote. Usipige wa pili. Kariri jani alilodondokea, nenda mara hiyo hiyo, na kama bado yu hai mmalize haraka. Sheria inakudai umtafute kwa juhudi ya kweli, na mimi kwenye hesabu yangu ya siku niliyempoteza namhesabu kama niliyempata. Mtu mwenye mbwa aliyefunzwa ni rafiki wa kumtafuta kwa udi na uvumba, omba kwenda naye hata kama utabeba mizigo yake.

Kuhusu kumtambua, maana alfajiri bata wote ni weusi: mwili wake ni kahawia iliyokoza kama mkaa uliolowa, kichwa chepesi zaidi, na akiruka chini ya mabawa ni weupe unaowaka, mwili mweusi na mabawa meupe chini, hiyo ndiyo alama utakayoiona kwanza. Jike la malardi ni hudhurungi nyepesi, mkia una weupe, na kile kibandiko cha bluu cha kwenye bawa kina mistari myeupe mbele na nyuma, cha bata mweusi ni zambarau na pembeni yake ni weusi. Wapo machotara, dume mwenye kijani kijani kichwani. Usipojua, usipige, kwa sababu idadi unayoruhusiwa ya kila aina ni tofauti. Na kabla msomaji wa Nyeri hajaniandikia kwamba bata mweusi yupo hata kwao: yupo, anaishi mito ya kasi ya Mlima Kenya na Aberdare na ana madoa meupe mgongoni, lakini huyo ni ndege mwingine kabisa, jina tu limegongana.

Anaisha? Hapa nikujibu bila kukupamba. Kati ya miaka ya 1950 na 1980 hesabu zao za majira ya baridi zilianguka kwa zaidi ya nusu. Sababu watu wamegombania mpaka leo, wengine wanasema uwindaji ulizidi, wengine vinamasi vilifukiwa na kujengwa, wengine malardi wameingia mashariki wakamwoa na kumnyang'anya mabwawa. Nionavyo mimi yote yamo. Mwaka 1982 kuna wapenzi wa wanyama walikwenda mahakamani kutaka asiwindwe, 1983 Marekani ikabana, ikawa bata mweusi mmoja tu kwa siku kwa mwindaji mmoja, na ikakaa hivyo zaidi ya miaka 30. Mwaka 1989 Marekani na Kanada wakaanzisha mpango wa pamoja wa kumchunguza ndege huyu mmoja. Msimu wa 2017 ndipo majimbo ya pwani ya Atlantiki yakaruhusiwa wawili kwa siku, baada ya wanasayansi kupiga mahesabu na kuona idadi inahimili. Kwa hiyo ukipiga ndani ya sheria humalizi mtu. Lakini wawili ndio mwisho, na mimi nikipata mmoja mzuri mara nyingi nafunga bunduki, sio dini, ni mazoea tu.

Sasa mambo mawili hukuyauliza.

La kwanza ni maji yale yale. Msimu wangu wa pili hapa nilivuka kijito alfajiri, maji yalinifika kifundo cha mguu, nikakaa upande wa pili nafurahia bata. Mimi, mtoto wa Tanga, najua maji, nikasahau kuangalia. Saa 3 nikageuka nikakuta kijito kimekuwa mto, rangi ya chai ya maziwa, kinapita kasi. Nikajaribu kuvuka, hatua ya tatu mguu ukazama topeni mpaka gotini, kiatu kikabaki, maji yakaanza kuingia kwenye suruali ya mpira kupitia kifuani. Nililala chali nikajisukuma kurudi kama kasa, nikakaa saa nne kwenye kichuguu cha majani nimelowa mpaka maji yakapwa. Vidole viwili mpaka leo vinakufa ganzi kukiwa na baridi. Maji ya bahari ya Maine mwezi wa 12 hayakupi muda wa kufikiri, pumzi inakatika kwanza kabla hujakumbuka kuogelea. Vaa laifujaketi ndani ya boti na wakati wa kuvuka, funga mkanda juu ya suruali ya mpira, beba nguo kavu kwenye mfuko usioingiza maji, mwambie mkeo uko kijito gani na utarudi saa ngapi. Mwenzako akianza kutetemeka halafu akaacha kutetemeka na kuongea kama mlevi, hapo hakuna bata tena, piga 911, namba ya dharura.

La pili ni karatasi. Hukuniambia za kwako zikoje na sihitaji kujua, lakini bunduki ya kuazima ni bunduki, sheria ya shirikisho inaangalia aliyeishika na sio mwenye mali. Mwenye green card na mkimbizi aliyepokelewa rasmi hawazuiwi kwa sababu ya uraia wao. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ingawa kuna vighairi, kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Asiye na ruhusa ya kukaa nchini haruhusiwi kabisa, hata risasi moja mfukoni. Na wale ambao kesi yao ya hifadhi bado inasubiri, hapo inategemea uliingiaje na una karatasi gani, usimwamini mtu wa mtaani wala mimi wala yule mzee wako ambaye amezaliwa hapa na hajawahi kufikiria jambo hili. Nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji, uso kwa uso, umuulize swali hili moja kabla ya kurudi kinamasini. Kosa la bunduki linaweza kukufukuzisha nchi. Wakati unasubiri jibu unaweza kwenda nao bila kushika silaha, ukaangalia, ukavuta kamba ya dikoi, ukajifunza maji, na kwa kweli msimu mmoja wa hivyo ungekufundisha kuliko yote niliyoandika.

Kama karatasi ziko sawa, basi hakikisha umefanya kozi ya usalama ya wawindaji, una leseni ya Maine na kibali chake cha bata, na stempu ya shirikisho ya bata ya dola 25 kwa kila aliyefika miaka 16. Tarehe za msimu na idadi hubadilika kila mwaka na Maine imegawanywa kanda, ya pwani ina tarehe zake. Mabwana nyama wa huku wanapokea simu, waulize, hawaumi.

Mwisho jikoni, maana sijaona mtu wa kwetu aliyefurahia bata wa kwanza wa pwani. Aliyekula kome mwezi mzima ana shombo, mkeo atafungua madirisha. Vaa glavu ukimchuna kwa ajili ya mafua ya ndege, na ukimkuta aliyejifia mwenyewe usimguse. Ngozi na mafuta yote toa, usibakishe hata kidogo, shombo limekaa humo. Nyama ya kidari loweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi, mwaga, kisha limau, tangawizi na vitunguu saumu vingi, chemsha mpaka ilainike, ndio umwagie tui la nazi, kopo la duka la Waasia linafaa, iive kabisa. Ukimpata yule wa mwezi wa 10 wa Merrymeeting Bay, huku huku Maine, aliyenona kwa mpunga pori wa mtoni, huyo usimchune ngozi, mnyonyoe na umchome hivyo hivyo na chumvi tu.